Kitanda cha Dirishani

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri, na meza yetu imefunguliwa rasmi. Nikisema rasmi nina maana kwamba mkutubi ameondoa magazeti ya zamani kwenye kona ya nyuma ya maktaba, akatupatia viti vitano, na kubandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: WAZEE WENYE BILI ZA HOSPITALI WASAIDIWA HAPA, JUMANNE NA ALHAMISI, BURE. Sista alitaka aongeze kwamba hata wanaosumbuliwa na wakusanya madeni wanakaribishwa. Mkutubi akasema karatasi imejaa.

Sista ni muuguzi mstaafu. Ametumikia wodi maisha yake yote, na mpaka leo hutembea kama mtu anayeitwa kwenye kitanda cha mwisho. Mimi nilifundisha hisabati sekondari. Kazi tumegawana hivi: yeye anajua hospitali inavyowaza, mimi najua kujumlisha, tena kwa uvumilivu. Uvumilivu wangu yeye anauita uvivu uliovaa tai.

Wateja watatu. Seremala mmoja mstaafu alilipa bili moja mara mbili kwa kuwa zililetwa nakala mbili, naye hakutaka kuibagua yoyote. Nimemwandikia barua ya kudai arudishiwe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mkutubi ameweka ndoo mbili chini ya paa linalovuja, moja upande wa historia na nyingine upande wa dini. Historia inavuja zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Leo amekuja Mama Miavuli. Mtaa mzima unamjua. Kibanda chake cha mbao kinatazamana na mlango wa maktaba, na humo ndani, tangu mumewe alipofariki, amekuwa akitengeneza miavuli peke yake: anabadilisha mbavu zilizovunjika, anashona vitambaa vilivyochanika, anakaza mipini. Hamkabidhi mteja mwavuli bila kuufungua na kuufunga mbele yake mara kadhaa, kama mkunga anayewaonyesha watu mtoto. Msimu wa mvua ndio mavuno yake.

Alikaa, akatoa karatasi chini ya kanga, akanisogezea.

"Mwalimu, nisomee huu mkataba. Macho yangu siku hizi yanaona miavuli tu."

Ulikuwa mkataba wa kuuza kibanda. Mnunuzi ni yule kijana anayeuza makava ya simu pembeni mwa barabara, na makabidhiano ni mwisho wa Aprili.

"Kibanda unakiuza, mama?"

"Nina deni la hospitali."

Akatueleza bila kulalamika. Mwezi Januari alifanyiwa upasuaji wa kuondoa vijiwe vya nyongo kwenye hospitali moja ya binafsi. Upasuaji aliulipia kabla. Alipokwisha kutoka, ikaja bili ya pili iliyoandikwa "gharama za kitandani", nayo ilikuwa kubwa kuliko upasuaji wenyewe. Hakuwa na fedha. Hospitali ikaipeleka bili kwa kampuni ya kukusanya madeni, na tangu hapo simu yake hailali.

Kabla hajamaliza kueleza, simu ikalia. Akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti ya kijana.

"Marahaba, mwanangu. Mafua yamepona?"

"Yamepona, bibi. Ile tangawizi imenisaidia. Sasa, lile jambo letu..."

"Nakumbuka. Nitalipa. Mwisho wa Aprili, nimeshakwambia. Umekula lakini?"

Sista aliweka kalamu mezani polepole, kama mtu anayeweka silaha chini kwa kujizuia.

Hapa nieleze kidogo, maana ndilo jambo tunalolirudia mezani kila siku. Bili ni madai tu. Anayedai ana wajibu wa kuonyesha anadai nini, cha lini, na kwa kazi gani. Orodha hiyo ndiyo inaitwa mchanganuo. Na mwenye kudaiwa anaruhusiwa kusema kwamba hakubali mpaka auone. Lakini akishatamka "nitalipa", tena kwenye simu inayorekodiwa, amejifunga mwenyewe. Mama Miavuli amejifunga kila siku tangu Februari, kwa upole na kwa tangawizi.

Nimemwambia mkataba una mapengo na kwamba nitausahihisha kabla hajatia sahihi. Ni kweli una mapengo. Sikumwambia kwamba nitausahihisha polepole.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi ya simu, kibandani kwa Mama Miavuli, kwa sababu hawezi kuacha kazi msimu huu. Sista alijifanya mkusanya madeni.

"Haloo, shikamoo bibi," akasema kwa sauti nzito.

"Marahaba, baba. Habari za kwako?"

"Usimuulize habari zake!"

"Mtu amekuamkia, utamnyamazia kama ukuta?"

"Unamwambia: sikubali deni hili mpaka nione mchanganuo wake kwa maandishi. Basi. Unakata."

"Sikubali deni hili mpaka..." Akasita, mwavuli ukiwa nusu umefunguka mapajani. "Jamani, simkaribishi hata kidogo?"

"Humkaribishi! Ni simu, hana mahali pa kukaa!"

Ikalia simu ya kweli. Tukamwashiria kwa mikono yote minne. Mama Miavuli akajiweka sawa, akavuta pumzi.

"Mwanangu, nipo hapa na mwalimu na nesi mmoja mkali. Wanasema nisikubali deni. Usihuzunike, nitalipa."

Nikaichukua simu, nikajitambulisha, nikaomba mchanganuo. Kijana akajibu kwa adabu kwamba atawaandikia hospitali. Niliporudisha simu, Mama Miavuli alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoihitaji.

"Mnahangaika bure, Mwalimu."

Jumanne, 18 Machi

Wateja saba, viti vitano. Mzee mmoja dereva alikaa juu ya juzuu za sheria.

Alhamisi, 20 Machi

Seremala amerudishiwa fedha zake. Amekuja kutushukuru akiwa na kiti alichokitengeneza mwenyewe. Sasa tuna viti sita.

Jumanne, 25 Machi

Mchanganuo umefika. Tuliusoma na Sista, vichwa vikigusana kama wanafunzi wanaonakiliana. Oksijeni, siku nne. Dawa ya kuvuta kwa mashine, asubuhi na jioni. Sindano za mapafu. Glavu, mirija, barakoa za oksijeni.

"Oksijeni?" Sista akasema. "Kwa vijiwe vya nyongo? Walikuwa wanampandisha mlimani?"

Tukavuka barabara. Mama Miavuli alikuwa na foleni ya watu waliolowa.

"Mama, uliwekewa mashine ya kupumulia?"

"Hospitali wanaweka vitu vingi, Sista. Mtu utakumbuka kipi? Mwalimu, nishikie hapo, huu ubavu unaruka."

Nikaushika. Nilipouliza tena akamwita mteja anayefuata. Nilipouliza mara ya tatu, akamwita mtu ambaye hakuwa mteja, alikuwa anapita tu.

Niseme ukweli wangu hapa, maana hapa ndipo pa kuusemea: mama huyu ananichosha. Nimewaona wa aina yake wengi darasani, watoto waliopata jibu sahihi na wakalifuta kwa sababu mwenzao mwenye sauti kubwa alipata lingine. Adabu yake imekuwa ugonjwa. Atauza kibanda, mwisho wa Aprili atakuwa hana kazi wala fedha, na atamuuliza mnunuzi kama amekula.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kubwa. Hakuna aliyekuja. Sista alinifundisha kupima mapigo ya moyo. Yangu anasema ni ya polepole, hajashangaa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimejifunza jambo, na sababu ni mwavuli wangu uliopinduliwa na upepo.

Mama Miavuli aliushona huku tukizungumza habari za kawaida. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kulazimisha mtu kupaza sauti. Nikamuuliza, si kwa ujanja, kwa mazungumzo tu, kama alipata usingizi kule wodini.

"Usingizi wapi! Nimelala pale mlangoni, kila alfajiri kigari cha chai kinanigonga kidole. Kidole hikihiki. Mpaka natoka hospitali kilikuwa kimevimba kuliko mshono."

Nilicheka. Nikalipa, nikavuka barabara, na katikati ya barabara nikasimama. Mwenye baiskeli akanitukana kwa heshima, "Mzee, shikamoo, tembea!" Mchanganuo, kila mstari wake, ulikuwa umeandikwa: kitanda namba sita, dirishani.

Nilipomweleza Sista, aliketi.

"Mwalimu, sikiliza. Karatasi ya vifaa huwa haimfuati mgonjwa. Inaning'inia ukutani, juu ya kitanda. Siku anayolazwa mtu wanaandika jina lake juu, na kila anayemfungia oksijeni au kufungua glavu anaweka alama pale pale ukutani. Mwishoni inachukuliwa, inapelekwa uhasibu. Sasa mgonjwa akihama kitanda na hakumwambia mtu..."

"Jina linabaki dirishani."

"Na oksijeni yote ya dirishani inakuwa yake."

Hesabu ilikuwa rahisi mno. Walibadilishana vitanda. Jibu tumelipata, nikajiambia, keshokutwa tumemaliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Hatujamaliza.

Tulimkuta Mama Miavuli anafungua kibanda. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, ukuta, karatasi, jina, alama, kama ninavyopenda. Akasikiliza mpaka mwisho bila kushangaa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa ninamfundisha mtu somo analolijua.

"Ulijua," Sista akasema.

"Nilijua siku ile bili ilipokuja. Mtoto wa jirani alinisomea. Niliposikia 'gharama za kitandani', nikasema, hii ni oksijeni ya Mwenzangu."

Mwenzangu ndiyo jina analomwita. Alikuwa mama wa makamo yake, amelazwa kitanda cha mlangoni kwa ugonjwa wa mapafu, hapati hewa, anahangaika usiku kucha kutazama dirisha lililo upande wa pili. Mama Miavuli alikuwa amelala chini ya dirisha hilo, na hewa kwake haikuwa na shida. Akateremka na mshono wake, akamwambia, njoo hapa. Wakashikana mikono, wakavuka wodi kama wezi wawili wazee. Asubuhi muuguzi mpya aliingia, akamkuta mgonjwa wa mapafu dirishani, akamtibu. Lakini alama aliziweka chini ya jina la ukutani.

"Basi tuwaambie!" Sista akasema. "Kosa ni lao, wangesoma jina."

"Mkiwaambia, watampelekea yeye."

"Ndiyo. Ni yake."

"Sista, yule hana kitu. Alikuwa amevaa malapa mawili ya rangi mbili tofauti, moja la bluu na moja jekundu. Mwanawe alikuwa anakuja kumwona na baiskeli, amelowa chapachapa. Mimi nina kibanda cha kuuza. Yeye atauza nini, malapa?"

Nilijaribu kusema kwamba pengine Mwenzangu angependa kuulizwa. Akanijibu:

"Mwalimu, ukimuuliza maskini kama anaweza kulipa, umeshamdai."

Akatukataza kusema kwa yeyote. Nikamwomba jambo moja: nikiulizwa ana kwa ana, nisilazimike kudanganya. Akafikiri.

"Usiseme. Ila ukiulizwa, usidanganye. Sitaki mzee mwenzangu apate dhambi kwa ajili ya oksijeni."

Nimerudi nyumbani nikasoma niliyoyaandika tarehe 25 Machi. Sitayafuta, nilizoea kuwaambia wanafunzi waache kazi mbovu ionekane. Lakini mtu niliyemwita mgonjwa wa adabu alikuwa amekaa kwenye simu miezi miwili akisema "nitalipa" kwa makusudi, akimkinga mtu nyuma ya mgongo wake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimegombana na Sista. Anataka twende hospitali leo leo. Mimi nasema siri ni ya mwenyewe. Yeye anasema kibanda nacho ni cha mwenyewe na kinaondoka. Mkutubi alituomba tugombane kwa sauti ya maktaba, tukaendelea kwa kunong'ona, ambako kunatia hasira zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Hatusemeshani. Bili tunapitishiana kwa kidole.

Jumanne, 15 Aprili

Tumepatana. Ameniletea chai. Haikuwa na sukari, lakini niliinywa.

Mchana nilipigiwa simu na yule kijana wa madeni. Mama Miavuli alimpa namba yangu "akikwama popote".

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukusumbua. Ni kuhusu bibi wa miavuli. Nimeuona ule mchanganuo. Mimi si daktari, lakini nyongo na oksijeni?"

"Marahaba. Nawe umeona."

"Akiniletea barua moja tu yenye sahihi yake, kwamba anapinga, ninasimamisha kila kitu na hospitali wanalazimika kukagua. Nimemwambia mara tatu. Ananiuliza habari za mchumba wangu."

"Na wewe unamjibu?"

"Mzee, kwenye orodha yangu kuna watu mia mbili. Wote wananitukana. Huyu ndiye pekee anayeniuliza kama nimekula. Ninawezaje kumkatia simu?"

Nikamwambia nimefungwa mdomo. Akasema, "Basi kuna kitu," na akaniaga vizuri. Ninakiri nilikuwa nimemwazia pembe na mkia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Miavuli ameuliza kama mkataba umesahihishwa. Nimesema bado kifungu cha sita. Sista akaongeza kwamba kifungu cha sita ni kigumu sana. Kwa mara ya kwanza ameiunga mkono polepole yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Mnunuzi hataki tena kusubiri. Amekuja mezani mwenyewe, na mkataba wake wa kuchapa, safi, hauna pengo hata moja. Nimeusoma mara mbili nikitafuta. Tarehe ya sahihi ni keshokutwa saa nne asubuhi, kibandani.

Sista hakunong'ona leo. Alifunga mkoba wake, akaondoka kabla ya muda.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote, hata nikichelewa kulala.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile inayokaa siku nzima. Nilifika kibandani mapema nikiwa shahidi. Sista alikataa kuja; alisema akija atachana kitu. Mnunuzi alikuwepo na kijana wa futi, wanapima ukuta wa nyuma, wanabishana rafu za makava zitakaa wapi. Mama Miavuli alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anamalizia mwavuli wa mteja kana kwamba ni siku kama nyingine. Miavuli iliyokwisha ilikuwa imening'inia juu yake yote, imefungwa.

Akaja mama mmoja, mfupi, mnene, anatembea kwa pumzi. Mwavuli wake ulikuwa umevunjika mbavu tatu. Nilitazama chini kuona kama matope yamemchafua. Lapa la kulia lilikuwa la bluu. La kushoto, jekundu.

"We!" akasema. "Uliniambia kibanda chako kiko mbele ya maktaba, nimezunguka maktaba tatu! Mji huu watu wanasoma namna hii?"

"Mwenzangu!" Mama Miavuli aliinuka mpaka mwavuli ukadondoka. Wakakumbatiana, mmoja anacheka, mwingine anakohoa, kisha wakabadilishana.

"Na hawa wanapima nini?"

"Ah, wanapima tu. Kaa. Umepona? Pumzi?"

"Pumzi ipo. Wanapima nini?"

"Nataka kupumzika kidogo. Uzee."

"Uzee gani, umenizidi mwezi mmoja!" Akageuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Na wewe baba ni nani?"

"Mimi ni mwalimu. Ninamsaidia na karatasi."

"Karatasi gani?"

Nikafunga mdomo.

"Unaonekana kama mtu aliyemeza kijiko," akasema. "Mwalimu, nakuuliza ana kwa ana. Huyu anauza kibanda kwa sababu gani?"

Nilimtazama Mama Miavuli. Macho yake yalinisihi. Lakini maneno yake ya tarehe 3 nilikuwa ninayo, na nadhani naye aliyakumbuka, maana alikaa kwenye kigoda na kuufunika uso kwa kitambaa cha mwavuli.

"Kwa sababu ya oksijeni yako," nikasema.

Nikaeleza. Sijawahi kueleza jambo kwa maneno machache namna ile; Sista hataamini. Mgeni alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Nilipomaliza alikaa juu ya debe la gundi na kwa muda nilidhani pumzi imempotea. Kumbe alikuwa anacheka.

"Mungu wangu! Ndiyo maana bili yangu ilikuwa ndogo! Nilidhani wamenipunguzia kwa uzee!"

"Mwenzangu, usijali, mimi nitali..."

"Nyamaza! Ulilipe kwa nini? Mimi nina bima! Marehemu mume wangu ameendesha treni maisha yake yote. Alikuwa hazungumzi nyumbani, lakini bima aliniachia. Inalipa kitanda, inalipa dawa, inalipa hata ambulansi. Hata senti moja sikutoa mfukoni!"

Mama Miavuli alikishusha kitambaa.

"Lakini malapa..."

"Malapa yana nini?"

"Rangi mbili."

"Mguu wangu huu mkubwa kuliko huu! Nanunua jozi mbili kila mwaka, navaa moja moja. Ulitaka nivae viatu vinavyonibana ili uone kwamba nina bima?"

"Na mwanao. Anakuja na baiskeli. Amelowa."

"Ana duka la baiskeli! Ulitaka aje na nini, na jiko?"

Mnunuzi alikuwa amesimama na kalamu yake. Mama Miavuli alimtazama, akamtazama mgeni, akanitazama mimi, na hatimaye akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo haijawahi kumkatalia mtu:

"Mwanangu, samahani sana. Sitauza. Umekula lakini?"

Kijana wa makava aliirudisha kalamu mfukoni. Alisema hajala. Wote wakapewa chai.

Ijumaa, 25 Aprili

Sista alituongoza hospitali, mimi na mama wote wawili, kama jenerali. Karani wa uhasibu, kijana nadhifu, alisikiliza kisa cha vitanda viwili, akafungua mafaili, akaona mgonjwa wa mapafu aliyelazwa siku nne bila kuvuta hata pumzi moja ya oksijeni.

"Lakini mama zangu, kwa nini hamkutoa taarifa mlipobadilishana?"

"Mwanangu, nilikuwa sipumui," akasema mgeni wetu, ambaye sasa mimi na Sista tunamwita Bi Dirisha. "Ningetoa taarifa na nini?"

Karani alimwita muuguzi wa zamu. Muuguzi alimtambua Mama Miavuli mara moja: "Mama wa kidole!" Alikuwa amemfunga bendeji mlangoni siku zote zile na hakuwahi kujiuliza kwa nini jina la mlangoni halifanani. Sista alimtazama kwa muda mrefu, mtazamo wa mwalimu wa wauguzi, na yule dada akaahidi kwamba kuanzia leo atasoma jina la kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa, si la ukutani.

Bili imefutwa kwa Mama Miavuli. Ombi limepelekwa kwenye bima ya Bi Dirisha. Karani alisema tumewahi. Ingepita miezi sita, bima isingepokea. Kwa maneno mengine, kama wema wa Mama Miavuli ungeendelea kimya mpaka Julai na ndipo ukagundulika, ungemtia Mwenzangu kwenye deni lile lile aliloogopa. Nilitaka kumweleza hili njiani. Sista akanikanyaga.

Jumanne, 29 Aprili

Bima imekubali. Barua ya kampuni ya madeni imefika: faili limefungwa.

Kijana wa simu alipiga kumwarifu mwenyewe. Nilikuwepo. Mama Miavuli alimshukuru, akamwombea heri, kisha uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo hutapiga tena?"

"Kikazi, hapana, bibi."

"Na ile harusi nitajuaje imefika wapi?"

Kijana akashusha sauti.

"Nitapiga Jumapili, bibi. Kwa simu yangu."

Jumanne, 6 Mei

Jua limetoka na halijaondoka. Watu wanapita na miavuli iliyofungwa makwapani, hawaiamini mbingu. Mezani tulikuwa na wateja wanne, wote wa bili nyepesi.

Mchana tulivuka barabara, mimi na Sista. Bi Dirisha alikuwepo kibandani, anakula mkate na kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Nikaona ni wakati mzuri wa kueleza, kwa utaratibu, funzo la msimu mzima. Nikasema hospitali ni mahali pa majina na namba. Nikasema mgonjwa anapohama kitanda bila kumwambia muuguzi, anahatarisha zaidi ya fedha, maana anaweza kuchomwa sindano ya mwingine. Sista alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nukta, jambo adimu. Nikamalizia kwa swali, kama nilivyofanya darasani maisha yangu yote.

"Sasa, Mama. Umelazwa tena, Mungu aepushe. Umepewa kitanda cha dirishani. Mwenzako yuko mlangoni, hapati hewa. Utafanya nini?"

Mama Miavuli aliufungua mwavuli aliokuwa anaushona, akautazama dhidi ya jua kutafuta tundu, akaufunga.

"Nimekuelewa vizuri, Mwalimu," akasema. "Nitampa dirisha. Halafu nitamwita muuguzi."